Miguu ya Marehemu Lugendo

Ipo nchi moja ambayo siwezi kuitaja jina, wala si kwa woga. Jina lake la zamani lilifutwa kwa hoja ya dharura, na jipya bado liko kwenye kamati, ambayo nayo inamsubiri mwenyekiti wake arudi kutoka matibabuni ng'ambo. Kwa sasa wananchi wanaiita "hapa". Wakisafiri na kuulizwa wanatoka wapi, husema, "Tunatoka hapa," na maofisa wa uhamiaji wa nchi za watu hupata taabu sana.

Hapa kuna Sheria ya Kutangulia. Ni sheria fupi na haina vipengele vingi: jambo lolote la maana halifanywi na mdogo kabla mkubwa aliyepo hajalifanya kwanza. Daraja likijengwa, Mheshimiwa hulivuka kwanza. Kisima kikichimbwa, Mheshimiwa huonja kwanza. Nyumba ikishika moto, zimamoto hukaa ndani ya gari lao wakiwa wamevaa kofia zao vizuri, wakimngoja mkuu wa wilaya afike amwage ndoo ya kwanza. Nyumba nyingi zimeteketea hapa, lakini hakuna hata moja iliyozimwa kienyeji.

Sheria hiyo ndiyo iliyommaliza Lugendo Masika.

Lugendo alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu kutoka Bugulumo, kijiji cha wakulima wa vitunguu. Alipopelekwa kwenye Mashindano Makubwa ng'ambo, msafara ulikuwa na mwanariadha mmoja na viongozi waliojaza ndege, hata viatu vyake vya kukimbilia vikakosa nafasi, akaazima vya mtu wa taifa jingine. Vilimbana vidole. Akakimbia hivyo hivyo, akawaacha wenzake kwa mbali, akashinda.

Ndipo wapimaji wakaja na kikombe cha plastiki, wakaomba mkojo wa mshindi. Lilikuwa jambo la maana, tena la kimataifa, na wapiga picha walikuwepo. Mkuu wa msafara, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kornel Bakule, akanyoosha tai yake, akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akatoa hotuba fupi ya shukrani, akaingia chooni akakizindua. Alipotoka, msafara mzima ulipiga makofi. Lugendo naye alipiga. Mpimaji mmoja alitaka kuuliza jambo, akaambiwa hayo ni mambo ya ndani ya nchi.

Majibu yaliwashangaza wataalamu. Kijana aliyetoka kuwafyeka mabingwa wa dunia alionekana ana gauti ya miguu, ana kisukari cha siku nyingi, ana pombe kali ya jana na ya juzi, na juu ya yote hayo ana dawa iliyopigwa marufuku, ile ambayo hapa huuzwa kwa jina la Amsha Mzee na hununuliwa na wazee walioongeza mke mdogo. Medali ikachukuliwa. Lugendo akafungiwa maisha.

Alikuwa na mdomo, angeweza kusema. Lakini katibu wa Chama cha Riadha alimvuta pembeni kule uwanja wa ndege.

"Kijana wangu," katibu alisema, "ukisema kikombe si chako, utaulizwa ni cha nani. Ukisema ni cha nani, wataulizana Mheshimiwa anaitumia dawa hiyo kwa shughuli ipi. Mke wake mkubwa ataisikia redioni. Wewe unataka kuvunja nyumba ya watu?"

Lugendo alilelewa vizuri. Akasema hataki.

"Basi ibebe aibu hii kizalendo. Tutakukumbuka."

Akaibeba hadi Bugulumo. Watoto wakampa jina la Gauti, wakawa wanachechemea nyuma yake njiani. Wanaume waliokuwa wakinywa naye pombe ya mtama kwa kupokezana kikombe kimoja wakaanza kuja kila mtu na cha kwake. Aliyeamini kisa chake tangu siku ya kwanza ni mkewe tu, Nyamizi, ambaye alikisikiliza hadi mwisho akiwa anamenya kitunguu, kisha akasema, "Nakujua mimi. Wewe na Amsha Mzee wapi na wapi?" Lugendo alicheka siku ile, na kwa muda mrefu hakucheka tena.

Kuanzia hapo alitaka kitu kimoja tu duniani. Hakutaka medali, hakutaka fidia, hakutaka hata kuombwa radhi. Alitaka siku moja mtu asimame mbele ya watu aseme kwamba kikombe kile hakikuwa cha Lugendo.

*

Ukaja Mwaka wa Uadilifu wa Taifa. Kila wizara iliagizwa imtoe mtu mmoja mwadilifu awe mfano kwa vijana. Msako ulifanyika kwa nia njema kabisa, lakini ilipokaribia tarehe ya mwisho ikaonekana ni rahisi zaidi kumpata mwovu mmoja akatubu. Wizara ya Michezo, Maadili na Mambo Mengineyo haikuhangaika kumtafuta wa kwake. Waziri wake wakati huo alikuwa Mheshimiwa Bakule mwenyewe, na akamkumbuka Lugendo, kama ilivyokuwa imeahidiwa.

Akaja Bugulumo mwongozaji wa filamu, Adeodatus Kimbo, mtu mwembamba aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Alikaribishwa kigoda, akaeleza kwamba serikali inatengeneza filamu ya maisha ya Lugendo. Jina lake lilikuwa *Alikimbia Akaanguka*.

"Yote mtaonyesha?" Lugendo aliuliza. "Na habari ya kikombe?"

"Yote, kaka. Ndiyo maana tunakutaka wewe mwenyewe uwe nasi. Wewe utakuwa Mshauri wa Ukweli."

Lugendo alimtazama Nyamizi, na Nyamizi akatazama chini, maana moyo wake ulikuwa unadunda kwa tumaini na hakutaka mgeni auone. Kesho yake Lugendo akapanda gari kwenda mjini.

Walimpa kiti kilichoandikwa UKWELI mgongoni. Siku ya kwanza kiti kiliwekwa karibu na kamera. Kikaonekana kinaingia kwenye picha, kikarudishwa nyuma. Kikaonekana kinazuia mwanga, kikahamishiwa nyuma ya pazia, na huko ndiko Lugendo alikokaa akishauri. Aliyekuwa akimwigiza ni Rodriki, mpwa wa Mheshimiwa, kijana mpole mwenye kitambi na pumu, aliyeipata nafasi hiyo kwa kuwashinda wasiokuwa wapwa.

Siku hiyo Rodriki alikuwa anajidunga sindano. Ilikuwa sindano ya kuchanjia ng'ombe, kwa sababu sindano ndogo haikuonekana vizuri, na Rodriki aliishika huku akicheka kicheko cha kishetani alichofundishwa kwa wiki nzima. Lugendo akatoa kichwa nje ya pazia.

"Samahani, mwongozaji. Mimi sikujidunga. Ni habari ya mkojo, na mkojo wenyewe haukuwa..."

"Najua, kaka, najua," Adeodatus alisema kwa upole. "Lakini mkojo haupendezi kwenye kamera. Ushauri wako umepokelewa."

Na kweli ulipokelewa. Kila ushauri wake ulipokelewa. Alipowaambia kwamba hakuwahi kumpiga kocha wake, walipokea. Wakarudia kumpiga kocha, safari hii kamera ikiwa upande mwingine. Alipowaambia kwamba mama yake hakufa kwa fedheha, alikufa zamani kwa kuumwa na nyoka, walipokea na hilo, wakampa pole.

Ilipofika zamu ya kukimbia mambo yakakwama. Rodriki alikimbia hadi kwenye mti wa karibu akaanguka, na safari hiyo haikuwa ndani ya mchezo. Walimpepea, wakampa dawa ya kuvuta. Adeodatus akazunguka zunguka uwanjani akiwa ameshika kichwa, mpaka macho yake yakatua kwenye miguu iliyochomoza chini ya pazia.

Wakamvika Lugendo bukta ya taifa. Wakamwambia watampiga picha kuanzia kiunoni kushuka chini, juu watamweka Rodriki. Adeodatus akapaza sauti, "Ekisheni!" na Lugendo akakimbia.

Hakuwa amekimbia mbele ya watu tangu siku ile. Alikuwa amesahau jinsi ardhi inavyokuja yenyewe kukutana na mguu, na jinsi pumzi ikishatulia mtu anavyojihisi hana deni na yeyote. Alipopita mbele ya wapishi na wabeba taa, wakaacha kazi zao wakashangilia, nao hawakuambiwa washangilie. Lugendo alifurahi waziwazi. Alikata kona ya mwisho akiwa na machozi, lakini machozi yalikuwa juu ya kiuno na hayakuingia kwenye picha.

"Miguu safi sana," Adeodatus alisema. "Tunarudia. Punguza mwendo kidogo, kaka, isije ikaonekana kama ulistahili."

*

Ikabaki sehemu ya mwisho.

"Hapa unakufa," Adeodatus alimweleza. "Si wewe, ni mhusika."

"Nakufa kwa ugonjwa gani?"

"Majuto. Halafu tunakuzika kijijini. Nataka Bugulumo yenyewe, watu wenyewe, vilio vyenyewe. Waigizaji wa mjini wanalia kama wamebanwa na mlango."

Hapo ndipo Adeodatus, kwa usomi wake wote, alipokosea. Watu wa Bugulumo wanajua kulima na wanajua kuzika, lakini kuigiza hawajui. Kwao msiba ukishapigiwa ngoma hauachwi njiani. Ni lazima marehemu aliliwe, mjane anyolewe, vitu vya marehemu vigawanywe, na mwisho wa yote marehemu asemewe. Kumsemea maana yake ni kwamba shangazi wa ukoo husimama na kutamka lile neno ambalo marehemu aliishi nalo kooni bila kulisema. Wakati huo hakuna anayeruhusiwa kukatiza, awe nani, kwa sababu anayekatiza huhamiwa na mikosi yote ya marehemu. Na aliyekwisha kusemewa harudi tena kijijini, hata kwa ndoto. Akisikika, watu huziba masikio na kumwambia apumzike.

Shangazi wa ukoo wa Lugendo alikuwa Bi Kabula, mwanamke mrefu mkavu asiyependa maneno mengi. Aliusikiliza mradi wa Adeodatus akiwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Amekufa nani?" aliuliza.

"Lugendo, mama."

"Lugendo si yule pale anakula muhogo?"

"Ndiye. Lakini kwenye filamu amekufa."

"Na hiyo filamu wataiona watu wangapi?"

"Nchi nzima, mama! Wizara imeagiza ionyeshwe mashuleni na magerezani, na itahesabiwa kuwa historia rasmi."

Bi Kabula alifikiri. "Serikali ikisema amekufa, na nchi nzima ikimjua amekufa, sisi Bugulumo ni nani tubaki tunamjua yu hai? Leteni ngoma."

Lugendo aliacha muhogo akamfuata shangazi yake nyuma ya nyumba. Alikuwa amepata taarifa kwamba Mheshimiwa Bakule angekuja mwenyewe kuigiza nafasi ya Mheshimiwa Bakule, kwa sababu hakupatikana mwigizaji wa hadhi hiyo. Angekaa mbele kabisa. Kamera zingekuwa zinarekodi.

"Shangazi, mtanisemea?"

"Msiba bila kusemewa ni msiba gani?"

"Basi semeni habari ya kikombe."

Bi Kabula alimkazia macho. "Lugendo, baba, nikisimama nikasema, mimi sitakuwa nacheza. Nikishamaliza wewe huna kurudi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, shangazi," Lugendo alisema haraka, na ukweli ni kwamba hakuelewa. Alidhani wakishapakia taa zao na nyaya zao, mambo yatarudi yalivyokuwa. Alikuwa ameingoja siku hiyo hadi akili ikamtoka.

*

Mazishi yalipendeza. Jeneza liliwekwa uwanjani, ndani yake amelala Rodriki na dawa yake ya pumu mkononi. Lugendo alisimama nyuma ya umati, kando ya kiti chake. Wanakijiji walikuwa tayari kulia tangu asubuhi, lakini kwa Sheria ya Kutangulia walingoja chozi la kwanza la Mheshimiwa. Mheshimiwa alijitahidi sana, likagoma. Wasaidizi wake wakakata kitunguu, na kwa bahati Bugulumo vitunguu havikosekani. Chozi lilipodondoka, ngoma ikalia na kijiji kizima kikapasuka.

Adeodatus alishika miwani yake kwa furaha. Hakuwahi kusikia kilio cha namna ile. Nyamizi alikuwa amekaa mkekani mbele ya jeneza, mwanzoni akiona haya, akimtupia jicho Lugendo kule nyuma na karibu acheke. Kisha wakaja wanawake na wembe. Lugendo aliona nywele za mkewe zikianguka juu ya mapaja yake, na aliona bega lake likishtuka, na kilio alichokitoa Nyamizi hapo kikamfanya Lugendo apige hatua mbili mbele. Mbeba taa akamrudisha, maana alikuwa anaingia kwenye picha.

Jembe lake akapewa binamu yake Mabula. Koti lake akapewa mzee wa jirani, ambaye alilivaa hapo hapo. Kisha Bi Kabula akasimama, na watu wakanyamaza.

"Lugendo, mtoto wa kaka yangu," alisema. "Umekaa na neno kooni. Leo nalitoa. Kikombe kile hakikuwa chako. Mkojo ule haukuwa wako. Ulikuwa wa mkubwa uliyetoka naye, huyu aliyekaa kwenye kiti hiki cha mbele, Kornel Bakule. Na gauti ni yake, na dawa ya wazee ni yake. Wewe ulikimbia kwa miguu yako. Nimemaliza."

Askari walitazamana, na hakuna aliyetaka kuhamiwa na mikosi. Wanaume waliokuwa wakija na vikombe vyao kilabuni wakainamisha vichwa, na mmoja akaanza kulia upya, safari hii kwa aibu yake mwenyewe. Lugendo aliketi kwenye kiti chake na kujifunika uso kwa viganja. Limesemwa. Limesemwa mbele ya watu, mbele ya kamera, na mwenyewe akiwepo. Kama kuna saa moja ya raha aliyoipata mtu huyu baada ya ujana wake, ni ile, na haikufika hata robo saa.

Maana Mheshimiwa Bakule alisimama. Alikuwa amejifunza siasa tangu tumboni. Alivua kofia, akaomba kipaza sauti, akavuta pumzi ndefu.

"Ndugu waombolezaji," alisema, "mama huyu amesema kweli. Kikombe kilikuwa changu. Mkojo ulikuwa wangu. Na kwa kuwa mkojo ulikuwa wangu, ndugu zangu, basi na aibu ile ilikuwa yangu! Nani kati yenu amewahi kuwaza nilivyoteseka miaka yote hii, nikiitazama aibu yangu imevaliwa na kijana asiyekuwa na wadhifa wowote? Aliibeba bila kibali. Mimi mwenye nayo nikanyamaza. Sikutaka makuu. Leo nasema basi. Kwa Sheria ya Kutangulia, mkubwa hutangulia katika furaha, na hutangulia katika fedheha. Naidai aibu yangu, naipokea, naibeba mbele ya taifa!"

Wasaidizi walipiga makofi. Halafu wakapiga wengine, maana si kila siku mtu wa hapa humsikia waziri akikubali kosa.

"Na wale wapimaji," Mheshimiwa aliendelea, sauti ikimtetemeka kwa uchungu wa nchi, "walimpima nani? Walinipima mimi. Anayepimwa baada ya mbio ni nani? Ni mshindi. Nawaachia wanasheria neno hilo. Marehemu tumwombee apumzike."

Adeodatus alikuwa amevua miwani. "Msikate," alimnong'oneza mpiga picha. "Hii ndiyo filamu."

*

Filamu ikaandikwa upya ndani ya wiki. Jina likawa *Aliyetangulia*. Ilikuwa ni habari za kiongozi aliyeionja fedheha ya michezo kwa niaba ya wananchi, akanyamaza, akainuka. Rodriki alibaki kuwa nyota, kwa sababu alifanana na mjomba wake zaidi. Lugendo alipouliza yeye yuko sehemu gani, Adeodatus alimshika bega.

"Kaka, wewe umeshazikwa. Tena umezikwa vizuri kuliko wengi. Ila miguu tunaihitaji bado, zile mbio hatuwezi kuzirudia."

"Kwa hiyo ile miguu ni ya nani sasa?"

"Ya Mheshimiwa, enzi za ujana wake."

Lugendo akarudi Bugulumo kwa miguu hiyo hiyo. Alitaka jembe lake. Mabula alimwona anakuja, akaziba masikio, akasema kwa huzuni ya kweli, "Pumzika, ndugu yangu," na kuendelea kupalilia vitunguu. Mzee mwenye koti lake alimpisha njia kwa heshima. Hakuna aliyemwita Gauti tena. Watoto walipomwona walivua kofia. Alikuwa amesafishwa hata hakuna wa kuongea naye.

Alimkuta Bi Kabula juu ya kinu chake.

"Shangazi, mimi si nipo? Nishikeni mkono, mtaniona nina joto."

Bi Kabula hakuziba masikio, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema na hana wa kumwogopa. "Najua una joto, baba. Kila mtu anajua. Lakini jina lako sasa ni safi. Wanaume wanamwaga pombe chini kwa ajili yako kabla hawajanywa. Ukirudi kwenye uhai, lile neno nililosema linakuwa si la msiba, linakuwa la umbeya. Mheshimiwa atakuja na askari, na jina litarudi matopeni pamoja na wewe. Lipi unalitaka?"

Lugendo akashika njia ya kisimani.

Nyamizi alimpata kisimani, mchana, alipokwenda kuteka maji na kitambaa cheusi kichwani. Mjane wa Bugulumo haongei na mumewe aliyesemewa. Kwa hiyo Nyamizi aliinama akaongea na kisima.

"Wewe kisima," alisema, "nilidhani ni mchezo, mpaka wembe uliponigusa kichwa. Nilikulilia nikiwa nakuona umesimama kule nyuma. Unajua vile inavyokuwa? Sasa nalala kwa shangazi na wanawake wanaonilinda nisikuote. Nimebaki nakuota nikiwa macho."

"Nisamehe," Lugendo alisema.

"Kisima hakina kosa," Nyamizi alisema, akijifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Nyuma ya jiwe kubwa kuna ugali na mlenda. Kisima kikisikia njaa, kile."

Alijitwika ndoo akaondoka. Lugendo alikula akiwa amechutama nyuma ya jiwe.

*

*Aliyetangulia* ilifika Bugulumo baada ya kuzunguka nchi nzima. Walikuja na jenereta, wakatundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa shule, wakaziba madirisha kwa mablanketi ili mchana uwe giza. Mkuu wa wilaya aliitazama kwanza, peke yake, akacheka na kulia kwa niaba ya wilaya. Ndipo wananchi wakaruhusiwa kuingia.

Lugendo, kama marehemu, hakuwa na mahali pa kukaa mkutanoni. Alisimama nje ya dirisha la nyuma, akainua ncha ya blanketi.

Alijiona anakimbia. Juu kulikuwa na uso wa Rodriki, ukiwa umepakwa jasho la mafuta, na chini kulikuwa na miguu yake ikila uwanja. Ukumbi mzima ulisimama. Watoto waliimba, "Ba-ku-le! Ba-ku-le!" na miguu ikaongeza mwendo, ikawapita wa mbele, ikapasua utepe. Hata Lugendo mwenyewe, pale nje, alijikuta amekunja ngumi.

Ikaingia sehemu ya kikombe. Rodriki alikipokea kwa mikono miwili, na muziki ukanyamaza ili watu watafakari. Katika ukimya huo Nyamizi akasimama.

"Miguu ile ni ya mume wangu," alisema.

Mkuu wa wilaya akageuka kwenye kiti chake.

"Kaa chini, mwanangu," Bi Kabula alimnong'oneza, akimvuta nguo. "Usimchafue marehemu."

"Sikai. Kidole kile kilichopinda nilikikanda mimi kwa maji ya moto, siku aliporudi akiwa amebanwa na viatu vya kuazima. Mheshimiwa kakimbia lini? Semeni na nyie, mnaijua miguu ile. Mmeiona ikipita hapa tangu ni midogo."

Lugendo aliwaona wakitazama magoti yao, wanaume aliokua nao, na uvumilivu wake ukakatika.

"Mimi hapa," alisema dirishani. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na wote wakasikia. "Ni yangu. Nipo hapa."

Askari wa mlangoni alishtuka, akawasha tochi, akaanza kupenya katikati ya mabenchi kuelekea dirishani, mkono kwenye pingu. "Nani huyo anayedai miguu ya Mheshimiwa?"

Nyamizi alimtazama askari, kisha akatazama dirishani. Mwanga wa tochi ulimpitia usoni, na Lugendo akaona jinsi hasira ilivyomtoka na kitu kingine kikaingia, woga, wa kumwogopea yeye. Nyamizi akajisogeza hadi akasimama kwenye njia ya askari.

"Hakuna mtu, afande," alisema. "Ni marehemu mume wangu. Msiba ukiwa mbichi hutokea."

Akainua viganja vyake, akaziba masikio. Macho yake hayakumwacha Lugendo.

"Pumzika, Lugendo," alisema, kwa nguvu, ili wote wasikie.

"Pumzika," Bi Kabula akaitikia. "Pumzika," akasema Mabula. Kisha benchi moja, na jingine, mpaka ukumbi mzima ukawa unasema kwa pamoja, kwa upole, watu wameziba masikio yao na machozi yanawatoka, wakimtaka apumzike, amekimbia vya kutosha. Askari alisimama katikati yao asijue la kufanya. Marehemu hafungwi pingu. Alizima tochi, akavua kofia.

"Pumzika," akasema na yeye.

Kwenye shuka, Rodriki alikuwa ameshatoka chooni na watu walikuwa wanampigia makofi. Lugendo aliendelea kumtazama mkewe kwa muda, kisha akaishusha ncha ya blanketi ili mwanga usiwaharibie picha.